Maumivu ya Asiyeweza Kuambiwa

Mbwa hajui kwamba ana minyoo moyoni. Jambo hili ni dogo kulisema na gumu kulikumbuka, kwa sababu siku daktari wa wanyama anapotamka matokeo ya kipimo, anayeshtuka ni mwenye mbwa peke yake. Mbwa alikuwa akikohoa jana na leo anakohoa. Alikuwa akichoka upesi wiki iliyopita na leo anachoka vilevile. Au, kama ilivyo kwa wengi wanaogunduliwa mapema, hana dalili yoyote na anatikisa mkia palepale juu ya meza ya daktari. Habari imemfikia binadamu, na maswali yanayofuata ni ya binadamu: kwa nini yeye, alaumiwe nani, Mungu amekusudia nini, na je, ni haki kumtia kiumbe katika tiba yenye uchungu ambayo hakuna lugha ya kumweleza? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolishughulikia hapa, maana naamini hayo mengine hayajibiki sawasawa mpaka hilo lipatiwe jibu.

Ugonjwa wenyewe una makao yake. Joseph Leidy, mwanasayansi wa Philadelphia, alimweleza mnyoo huyu na kumpa jina la kitaalamu mwaka 1856. Leo ameonekana katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini anashamiri hasa kwenye joto na unyevu wa kusini: Texas, Louisiana, Mississippi, Florida, na mabonde yanayofuata Mto Mississippi. Kaskazini mwa Italia, katika bonde la Mto Po, anafahamika pia kwa muda mrefu. Anayemsambaza ni mbu. Mbu akimnyonya mbwa mgonjwa huchukua vijiminyoo visivyoonekana kwa macho. Kukiwa na joto vijiminyoo hivyo hukua ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mbwa mwingine kupitia kidonda cha kuumwa. Hupita chini ya ngozi na kwenye misuli, hatimaye hufika kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni na kwenye upande wa kulia wa moyo. Baada ya miezi sita au saba wamekuwa minyoo kamili, majike wakikaribia urefu wa sentimita 30, na wanaweza kuishi humo miaka mitano hadi saba. Kipimo cha kawaida hutambua protini ya majike waliokomaa, kwa hiyo matokeo ya leo yanazungumzia mbu aliyeuma zaidi ya nusu mwaka uliopita, siku ambayo hakuna mtu anayeikumbuka.

Msomaji wa Tanga, Kilifi au Lamu hana haja ya kusafiri mpaka Louisiana ili aujue ukoo huu. Mnyoo wa matende na mabusha ni jamaa wa mnyoo wa moyo wa mbwa, naye huletwa na mbu. Mnyoo wa usubi, ambao umewaathiri watu wa Mahenge na wa mabonde mengine yenye mito ya kasi, ni wa ukoo huohuo ingawa yeye hubebwa na inzi wadogo weusi. Hata dawa ni moja. Ivermektini ilipatikana kutokana na bakteria wa udongo aliowakusanya Satoshi Ōmura nchini Japani, wakachunguzwa Marekani na timu ya William Campbell. Mwaka 1987 ilianza kutolewa bure kwa binadamu dhidi ya usubi, na mwaka huohuo ikaidhinishwa Marekani kuwa kinga ya kila mwezi ya minyoo wa moyo kwa mbwa. Wanasayansi hao wawili walitunukiwa Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo kidonge anachopewa mbwa wa Baton Rouge na kidonge anachomeza mwananchi wa Muheza katika kampeni ya kingatiba vina asili moja, ingawa dozi ya mbwa ni ndogo mno, maikrogramu sita tu kwa kila kilo ya uzito wake.

Njia zinaachana mahali pamoja. Mtu anayemeza dawa za kingatiba huenda akapata kizunguzungu, homa au mwasho kwa sababu minyoo wachanga wanakufa mwilini mwake, lakini mhudumu wa afya amekwisha kumwambia kwamba hali hiyo inaweza kumpata na kwamba itapita. Maelezo hayo hayaondoi homa. Yanaondoa hofu, na hofu huzidisha maumivu kuliko tunavyokiri. Mfano mzito zaidi ni wa malale. Kuanzia mwaka 1949 wagonjwa wa Kongo, Uganda na kwingineko, ambao malale ilikuwa imefika kwenye ubongo, walitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyochoma mishipa na kuua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Waliopokea sindano hiyo kwa akili zao timamu waliipokea kwa sababu waliambiwa kwamba bila hiyo hakuna kupona. Dawa inayoua minyoo waliokomaa katika moyo wa mbwa, melasomini, ni ndugu wa karibu wa dawa hiyo, nayo ina aseniki ndani yake.

Inafaa kueleza tiba yenyewe ilivyo, kwa kuwa hoja yote inaiegemea. Utaratibu unaopendekezwa na chama cha wataalamu wa ugonjwa huu nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1974, huanza na dawa ya kinga na wiki nne za doksisaiklini, ambayo huua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo na kuwadhoofisha minyoo wenyewe. Baadaye hudungwa sindano ya kwanza ya melasomini ndani kabisa ya misuli ya mgongo karibu na kiuno, na mwezi mmoja baada ya hapo sindano mbili katika siku mbili zinazofuatana. Misuli hiyo huuma na mara nyingine huvimba. Kwa sindano hizo tatu karibu asilimia 98 ya minyoo hufa, lakini minyoo waliokufa hawana pa kutokea. Hukatika vipande vinavyosukumwa na damu mpaka kwenye mishipa midogo ya mapafu, ambako mwili huviyeyusha polepole. Mbwa akikimbia, moyo ukaenda mbio, vipande hivyo vinaweza kuziba mishipa na kumuua kwa tiba ileile iliyokuwa ikimponya. Ndiyo maana tangu siku ya kipimo mpaka wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho, kipindi kinachokaribia miezi mitano kwa utaratibu kamili, hakimbii, haruki, hachezi. Hutolewa nje kwa kamba fupi kwenda kujisaidia, kisha hurudishwa ndani. Jiweke mahali pake. Hakuwa akiumwa popote; mkono uliomlisha umempeleka kudungwa; mlango uliokuwa ukifunguliwa kila asubuhi umefungwa, na hakuna siku itakayofika ambapo ataelewa sababu.

Kwa binadamu, maumivu huja na masimulizi yake. Dini zetu zimejenga hazina kubwa ya masimulizi hayo: kwamba maradhi ni mtihani wa subira, kwamba ni kafara ya dhambi, kwamba ni onyo la kumrudisha mtu njiani, kwamba ni njia ya kushiriki mateso ya Kristo. Siyadharau hata moja. Yamewabeba watu katika usiku mrefu ambao hakuna kitu kingine kingewabeba. Lakini yote yanahitaji sharti moja, kwamba anayeumia anaweza kuambiwa, au angalau kujiambia. Mtihani unamtaka mtahiniwa ajue kwamba yumo katika mtihani. Kafara inamtaka aliyekosa. Mbwa hana dhambi ya kufutiwa wala sharia ya kuhesabiwa, na subira yake, ambayo kwa hakika ipo, haina thawabu anayoitarajia. Kwa hiyo ninashikilia kwamba maumivu yasiyoweza kuelezwa kwa anayeyapata hayatudai tuyatafutie maana; yanatudai tutimize haki yake. Mwenye mbwa anayetumia siku zake kuuliza ugonjwa huu umeletwa ili kusema nini, anatafuta kitu ambacho hata akikipata hakitamfikia mgonjwa.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watu wema. Watasema kwamba maana ipo, ila ni ya mwenye mbwa: Mungu anamjaribu yeye, anamfundisha huruma, anamkumbusha udhaifu wa vyote alivyo navyo. Inawezekana mtu akajifunza hayo yote. Ila kuna umbali mkubwa kati ya kusema kwamba mtu amejifunza huruma kutokana na maumivu ya mbwa, na kusema kwamba mbwa ameumizwa ili mtu ajifunze huruma. Kauli ya pili inamfanya Muumba atumie kiumbe asiye na hatia kama ubao wa kufundishia. Wanatheolojia wa Kimuutazila waliliona tatizo hili karne kumi zilizopita. Kadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki mwaka 1025, alikubali kwamba uchungu wa viumbe wasiolazimishwa na sharia unaweza kuwa mazingatio kwa wale wanaolazimishwa. Hata hivyo alikataa kwamba mazingatio hayo peke yake yanatosha kuufanya uchungu huo uwe wa haki. Aliyeumia, alisema, lazima alipwe fidia yeye mwenyewe, awe mtoto mchanga au mnyama. Waashari waliwapinga wakisema kwamba Mungu halazimiki na kitu, na Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata njia ya Waashari. Lakini hata asiyekubali kwamba Mungu ana deni anaweza kuona kile Abd al-Jabbar alichokuwa akikilinda: kwamba mwenye maumivu asisahauliwe ndani ya hesabu za maumivu yake.

Kitabu cha Ayubu kinaelekea upande huohuo kwa njia nyingine. Marafiki wa Ayubu walikuja na maelezo yaliyokamilika, kila msiba na sababu yake, na mwishoni ndio waliokemewa. Mungu alipozungumza hakutoa sababu. Alimwonyesha Ayubu simba, punda mwitu, mbuni, tai, mbuzi wa milimani wanaozaa pasipo mtu wa kuwahesabia miezi, wanyama ambao karibu wote hawamfai binadamu kwa lolote wala hawamhitaji. Ninaisoma sehemu hiyo kama onyo kwa yeyote anayedhani kwamba kila kinachompata mnyama ni barua iliyoandikwa kwake. Mnyoo wa moyo yumo pia ndani ya koyoti wa Marekani, mbwa wa mwituni ambao hawana mwenyewe wa kujaribiwa wala wa kufundishwa. Charles Darwin, alipomwandikia Asa Gray mwaka 1860, alikiri kwamba alishindwa kuamini kuwa Mungu mwenye rehema aliumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai. Ugumu huo ni wa kweli na sina jibu litakaloumaliza. Ninachosema ni kwamba mwenye mbwa mgonjwa hahitaji kuumaliza kabla ya kujua afanye nini kesho asubuhi.

Wapo watakaopinga kutoka upande wa pili na kuuliza: haki gani ya mbwa? Katika falsafa ya Ulaya, René Descartes aliandika mwaka 1637 kwamba wanyama ni mashine zisizo na roho ya kufikiri, na wafuasi wake wakaenda mbali hata kukana kwamba kilio cha mbwa ni kilio. Jeremy Bentham aliwajibu mwaka 1789 kwa kuhamisha swali: kinachohusika ni kama kiumbe anaweza kuumia, wala si kama anaweza kufikiri au kusema. Kwetu sisi pingamizi hili huvaa nguo za fiqhi. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanahesabu mbwa kuwa najisi na yanataka kilichorambwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo; na kuna Hadithi zinazopunguza thawabu za anayefuga mbwa bila haja ya uwindaji, mifugo au shamba. Wamaliki wanaona tofauti kuhusu unajisi huo. Ila hukumu ya unajisi ni hukumu ya usafi wa anayeswali. Haigusi swali la kama mnyama anaumia, wala la kama aliye mikononi mwako una deni naye. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki Kairo mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu, na ya kwanza aliyoitaja ni kuwapatia matumizi wanayohitaji hata kama wamezeeka au wameugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa sababu alimtekea mbwa mwenye kiu maji ya kisimani kwa kiatu chake. Msimulizi hakuona haja ya kutuambia mbwa yule alikuwa wa nani au alikuwa na kazi gani.

Wajibu huu ni wa kale kuliko vitabu vyote nilivyovitaja. Mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi lenye umri wa miaka takriban 14,000, ndani yake mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Uchunguzi wa meno yake umeonyesha kwamba aliugua vibaya kwa wiki kadhaa, kwa dalili zinazolingana na distempa, na kwamba bila kusafishwa, kupashwa joto na kupewa maji na watu asingefika umri aliofika. Mbwa wa miezi michache aliyelala mgonjwa hawindi wala halindi. Watu wale, ambao hawakuwa na nafaka ghalani wala mfugo mwingine, walimtunza bila kupata chochote kutoka kwake. Kwa maelfu ya miaka tangu wakati huo binadamu amemzalisha mbwa awe kiumbe wa kumtegemea yeye kwa chakula, kwa makazi na hata kwa ishara za hatari. Tegemeo tulilolijenga wenyewe ni amana, na anayepokea amana haulizwi kama kilichowekwa mikononi mwake kina hadhi ya kutosha.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine, na linatoka ndani ya huruma yenyewe. Kama mbwa hawezi kuambiwa, basi tiba hii kwake ni mateso matupu: sumu, sindano, kizimba. Hadithi ileile inayosifu huruma kwa mbwa ina mwenzake, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Je, miezi mitano ya kumfungia mbwa haifanani na hilo? Nadhani haifanani. Mwanamke yule alimfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Alimnyima yote mawili. Kosa lilikuwa kumchukulia kiumbe uhuru wake na kukataa kubeba yale ambayo uhuru huo ungempa. Anayemfungia mbwa akamletea chakula mkononi, akamlaza karibu, akamtoa kwa utulivu, akampa kitu cha kutafuna na kunusa ili akili isioze kwa uvivu, akamwomba daktari dawa ya maumivu na ya kutuliza inapohitajika, amechukua uhuru na amelipa kwa nafsi yake. Na kuacha kutibu hakumwachi mbwa bila mateso. Minyoo waliobaki huharibu kuta za mishipa, kikohozi huzidi, tumbo hujaa maji moyo unaposhindwa, na katika hali mbaya kabisa minyoo hujazana hata kuziba njia ya damu kuingia moyoni, mbwa akaanguka ghafla na kuhitaji upasuaji wa haraka wa kuwatoa kupitia mshipa wa shingo. Huko nako hataambiwa kitu.

Kutokuwezekana kwa maelezo, basi, kunabadilisha kipimo cha uamuzi. Tunapomwamulia mtu asiyejiweza huwa tunauliza angetaka nini kama angeelewa. Kwa mbwa swali hilo halisaidii, kwa sababu mbwa anayeelewa aseniki si mbwa tena. Lazima tuhesabu kwa sarafu anayoitambua yeye: siku za kula kwa hamu, kukimbia, kulala kwa amani karibu na watu wake. Mbwa wa miaka mitatu mwenye ugonjwa mwepesi anatoa miezi mitano ya siku hizo akapata miaka. Mbwa mzee sana, mwenye figo zilizochoka na moyo uliokwisha kuzidiwa, huenda akatoa siku zote zilizobaki bila kupata kitu, na hapo uaminifu unaweza kuwa kumpunguzia maumivu tu. Hesabu hii inamlinda mbwa dhidi ya hatari ambayo haisemwi sana, yaani majonzi ya mwenyewe. Kuna anayedai tiba yote iwezekanayo kwa sababu yeye hawezi kuvumilia kuachana, na kuna anayekataa tiba kwa sababu yeye hawezi kuvumilia kumtazama mbwa wake akidungwa. Wote wawili wanatibu moyo wao kwa mwili wa mwingine. Ninawaelewa, kwa kuwa upendo ndio uliowafikisha hapo, lakini mbwa hastahili kubeba uzito huo.

Halafu kuna hatia. Karibu kila mwenye mbwa aliyepewa habari hii hukumbuka mwezi aliosahau kidonge, au mwaka ambao fedha zilikuwa haba akaona afadhali kuacha. Ni kweli kwamba kinga ya kila mwezi huua vijiminyoo vilivyoingia katika wiki zilizotangulia, na kwamba mbwa wengi wanaougua hawakuipata ipasavyo. Ni kweli pia kwamba katika delta ya Mississippi wamethibitishwa minyoo wenye usugu dhidi ya dawa hizo za kinga, na kwamba baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 maelfu ya mbwa wa Ghuba ya Meksiko walichukuliwa na watu wema wa majimbo mengine bila kujua walichokibeba damuni. Hatia ipimwe kwa ukubwa wake halisi. Ikibaki baada ya kupimwa, dini zinajua la kufanya nayo. Toba katika Uislamu haitimii kwa majuto peke yake pale ambapo haki ya mwingine imeguswa. Inataka haki hiyo irudishwe. Zakayo naye, katika Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne. Mbwa hatasamehe kwa maneno, maana hakushtaki. Kwa hiyo aliyekosa hana wa kumwangukia miguuni. Ana dozi za kutoa kwa saa zake, ana kamba fupi ya kushika kila asubuhi, ana jirani wa kuombwa asimchangamshe mbwa akija. Anayejilaani mchana kutwa kisha akasahau dozi ya jioni amerudia kosa lilelile.

Kuhusu fedha, tiba kamili Marekani hugharimu mamia ya dola na mara nyingi zaidi ya elfu. Mtu mwenye akili atauliza kama fedha hizo zisingefaa kupelekwa kwa watoto wa binadamu wanaokosa dawa, na swali hilo lina nguvu ya pekee likiulizwa kwa Kiswahili, katika nchi ambako matende bado yanaonekana vijijini. Siwezi kulikwepa kwa kusema kwamba upendo hauna hesabu. Ninasema kwamba deni la jumla kwa wote na deni la pekee kwa aliye mikononi mwako ni madeni mawili, na kulipa moja hakufuti jingine. Aliyekuwa tayari kununua gari jipya hana ruhusa ya kumkumbuka yatima siku ya bili ya daktari wa mbwa tu. Asiye nacho kweli yuko katika hali nyingine. Kwake ipo njia ya polepole, dawa ya kinga kila mwezi pamoja na doksisaiklini, ambayo madaktari huipendekeza pale tu melasomini isipowezekana, kwa kuwa huchukua mwaka au zaidi na minyoo huendelea kuharibu mishipa muda wote huo. Nayo pia inataka utulivu. Kurani inafundisha kwamba nafsi haibebeshwi kuliko uwezo wake, na sioni sababu ya kanuni hiyo kukoma mlangoni kwa daktari wa wanyama. Afanyaye kiasi anachokiweza ametimiza.

Wengi huuliza pia kama inafaa kumwombea mbwa, na kama watakutana naye tena. Juu ya la kwanza sina shaka. Katika Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa Lamu na Zanzibar kwa vizazi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba katika swala ya kuomba mvua wanyama nao watolewe pamoja na watoto na wazee. Wakristo wengi huleta wanyama wao kubarikiwa karibu na sikukuu ya Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba. Juu ya la pili waumini wamegawanyika. John Wesley alihubiri katika karne ya 18 kwamba wanyama watarejeshwa katika hali bora, na mwandishi C. S. Lewis mwaka 1940 alikisia kwamba wanyama wa nyumbani huenda wakafufuka ndani ya uhusiano wao na watu waliowapenda. Hadithi inasema kwamba siku ya Kiyama mbuzi asiye na pembe atachukua haki yake kwa mwenye pembe. Kila mmoja ashike analoliamini, ila asiliahirishe deni lake mpaka huko. Mbwa mgonjwa asiyetibiwa ni chanzo cha ugonjwa kwa wengine: mbu humnyonya usiku na baada ya wiki mbili hivi humpelekea mbwa wa nyumba ya tatu, ambaye naye hataambiwa kitu. Dozi ya kinga ikianza kutolewa mwezi huu, vijiminyoo vitapungua katika damu yake wiki hadi wiki, na mbwa yule hatadaiwa chochote kwa ajili ya ugonjwa wa mwenzake.